Mgonjwa Anayekula Inzi

Nyie mnaoanza vitalu, mikono yenu nimeiona. Ni mikono ya kumimina. Mche ukikunja jani kidogo tu mmeshakimbilia ndoo, ukigeuka njano mmeshakimbilia mfuko wa mbolea. Mnauhudumia kama mkwe aliyekuja kukagua nyumba. Halafu ukifa mnakuja kwangu na nyuso ndefu: "Bibi, tulifanya kila kitu." Ndiyo. Mlifanya kila kitu, ndiyo maana ukafa.

Mimi nimekaa kwenye kitalu cha kahawa tangu sijaolewa mpaka magoti yakakataa. Lilikuwa shamba kubwa huku Mbozi, na sisi wanawake wa kitalu tulikuwa na benchi letu na nyimbo zetu za kujazia viriba udongo. Darasani sikukaa sana. Lakini ile mikahawa mnayoiona mkitoka Mlowo kuja huku kijijini kwetu Ruanda, ile iliyozeeka na bado inazaa, mingi ilipita kwenye vidole hivi ikiwa na majani mawili tu, ya mviringo kama masikio ya panya. Najisifu, ndiyo. Miti ipo, nendeni mkaiangalie.

Nyapara wetu alikuwa Mzee Nzunda. Mtu mfupi, mkimya, kofia ya sufu masika na kiangazi. Alitembea nyuma yetu na kijiti cha mpera. Ukizidisha maji, paa! juu ya kiganja. Ukigusa mche usiohitaji kuguswa, paa! Hakueleza sababu. Ukitaka sababu ulisubiri, na siku akijisikia alisema neno moja au mawili. Lile alilolirudia ni hili: "Nzige huja mwaka mmoja. Mkono huja kila siku."

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, Nakamba, Mnamwanga wa upande wa Tunduma, mwanamke mwenye moyo mweupe kabisa. Alipewa tuta lake la mbegu akalipenda kama mtoto wa kwanza. Sisi tukienda kula, yeye anarudi kulimwagia tena, eti jua kali, watoto wana kiu. Tuta likapendeza mpaka tukamwonea wivu. Asubuhi moja tukakuta miche imelala yote, shingo nyeusi pale inapotokea ardhini, imenywea kama uzi uliopitishwa kwenye moto. Kinyausi hicho, ugonjwa wa miche iliyozidishiwa maji. Nakamba akalia. Akamwuliza Mzee, "Nimewanyima nini, baba?"

Mzee Nzunda aling'oa mche mmoja, akaunusa, akamwekea mkononi.

"Pumzi," akasema. Akaenda zake.

Neno hilo nimewaimbia wanangu na wajukuu zangu mpaka wamelichoka. Mmoja wa wajukuu hao ni Tusekile, ambaye mnamjua, maana wengine mmenunua vyungu kwake. Anauza maua Tunduma, pembeni ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia. Nimemfundisha mwenyewe. Anazijua kazi zote za kitalu, isipokuwa kukaa kimya.

Kiangazi kilichopita, watu wakiwa kwenye kuchuma kahawa, alinijia hapa nyumbani amekumbatia ndoo iliyofunikwa kanga.

"Shikamoo Bibi. Kinakufa."

"Marahaba. Nani anakufa?"

Akafunua. Ndani ya ndoo kulikuwa na chungu kidogo, na ndani ya chungu kitu ambacho sikuwa nimekiona. Kila jani lake lilikuwa limekunjwa katikati kama mtu anayetaka kupiga makofi akasita. Pembeni mwa majani, meno. Kwa ndani rangi ya ufizi. Mengi yalikuwa yameshakuwa meusi na yananuka kama jiko la mtu mvivu.

"Kinakula inzi, Bibi."

"Nani kakwambia?"

"Kinakula kweli. Inzi akitua, kinafumba."

"Basi kimekula inzi mbaya."

Hakucheka. Hapo nikajua jambo ni zito, kwa sababu Tusekile hucheka hata msibani.

Akanieleza. Kile chungu ni cha Mama Shufaa, mwanamke wa Tanga mwenye gesti pale Tunduma. Mume wake, Baba Shufaa, ana malori yanayokwenda Afrika Kusini, na moja analiendesha mwenyewe. Huko ndiko alikokinunua, akakileta mbele, pembeni ya usukani, njia nzima. Anakipenda mpaka mkewe amekiita mke mdogo. Akipiga simu kutoka njiani, anamuulizia mke mdogo kwanza.

Sasa kilipoanza kulegea, Mama Shufaa alimwita Tusekile, fundi wa maua. Tusekile akafanya nilivyomfundisha: akakitoa kwenye udongo wa zamani, akakipa udongo mweusi wa msituni, samadi iliyoiva, na majivu kidogo kwa juu. Tangu hapo kikawa kinakimbilia kufa. Mama Shufaa akasema kimewekewa sumu. Barabara ya Tunduma ina masikio marefu. Gesti nyingine ambazo Tusekile huzipelekea maua zikaanza kumwambia apite kesho. Vijana wa bodaboda wakimwona wanapiga kelele, "Muuaji wa maua huyo!" Na Baba Shufaa ameshapakia, yuko njiani kurudi.

"Akifika akikuta kimekufa, Bibi, mimi Tunduma sina jina tena. Nitauza mitumba."

"Samadi ilikuwa imeiva?"

"Imeiva. Ukinusa unasikia mvua tu."

"Na mchanganyo?"

"Wako, Bibi. Uleule."

Basi mkono wake ulikuwa safi. Mchanganyo wangu haujawahi kuua mkahawa hata mmoja, na sitausema vibaya hapa ili mfurahi. Lakini kile hakikuwa mkahawa. Na kuna jambo Mzee Nzunda hakuliacha hata siku moja: mche ukiugua, haangalii mche kwanza, anaangalia uliposimama. Nikafunga kilemba, tukapanda Kosta pale Mlowo.

Gesti ya Mama Shufaa ina vigae vinavyoteleza na maua ya plastiki kila kona. Mwenyewe alikuwa amekaa mapokezi, mwanamke mnene, mzuri, hina mpaka kwenye kucha.

"Shikamoo Bibi, karibu. Ndiyo umeniletea maiti?"

"Marahaba. Nimekuja kuangalia kitanda."

"Kitanda cha nani tena?"

"Cha mke mwenzio."

Akacheka bila kupenda. Kisha akainama kwangu, sauti chini. "Bibi yangu, sikufichi, huyu mke mwenza mimi simpendi. Ana meno. Lakini afie mikononi mwangu, mume wangu yuko safarini? Ni nani Tunduma hii atakayeniamini kwamba sikumwua?"

Nikamwambia akirudishe chungu mahali pake pa siku zote, juu ya meza ya mapokezi, na mimi anisahau. Nikapewa chai. Nikakaa.

Vijana, kukaa ni kazi. Wengi wenu hamtaiweza.

Wakaja madereva kuchukua funguo. Kila mmoja akichomeka kidole kwenye jani lililobaki na uhai ili alione linafumba, anacheka, anapanda ngazi. Akaja mfagizi na kikombe, akamimina mabaki ya chai ya maziwa. Nikamuuliza mbona. "Maji matupu hayana nguvu, Bibi." Akatoka mpishi na mnofu wa mbuzi mdogo kama kucha, akaubana kwenye jani akinong'ona, "Kula basi, kula." Mwisho akaja Bana Chanda, mama mfanyabiashara wa Nakonde ng'ambo, mzigo wa dagaa kichwani. Hajatua mzigo, akakisalimu chungu: "Mwapoleni mukwai, mama." Akachomoa dagaa mmoja, akamtia kwenye jani, akakipigia chungu makofi mawili ya heshima kama wanavyosalimu wao.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hapo ndipo nikaelewa. Huku kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Unakwenda na uji, na ndizi, na maziwa ya mgando, hata kama mgonjwa hamezi. Chakula kinakaa pembeni ya kitanda ili ijulikane ulikuja. Kile chungu walikigeuza wodi. Kilivyozidi kulegea ndivyo walivyozidi kukihurumia, na walivyozidi kukihurumia ndivyo walivyokilisha. Tusekile naye alikuja na chakula chake kama wengine, ila chake kilipitia chini.

"Kuanzia sasa hakuna kukilisha," nikasema.

Mama Shufaa akashika kiuno. "He! Mgonjwa asile?"

"Mtu tumbo linamwendesha, wewe unampa pilau?"

Sasa niwaambie kilichonijia pale kitini. Nilipokuwa msichana tulichunga ndama bondeni, kule kwenye tope jeusi ambako hata boga halikubali. Kulikuwa na kimmea chekundu, kidogo, kimelala chini kama sarafu. Majani yake yana umande, na umande huo haukauki hata jua liwe utosini. Ukiinama unaona mbu wadogo wamenasa, miguu juu. Tulikuwa tunakichokoza kwa nyasi. Sikuwahi kukiona shambani, wala karibu na zizi, wala palipomwagwa majivu. Pale tu, kwenye ardhi maskini, kwenye maji yanayotoka mbinguni na kwenye jiwe.

Mtu mwenye ghala limejaa hawindi panya. Kimmea kile kiliwinda kwa sababu ardhi yake haikukipa kitu, na mizizi yake haikufundishwa kula. Hiki cha Mama Shufaa, meno yale, ni ukoo uleule hata kama kimezaliwa mbali. Ukikizungushia samadi ya ng'ombe umemshindilia mtoto mchanga ugali.

Nikamweleza Tusekile. Akatoa simu, akasoma, akasoma, akainua macho. "Inasema hivyohivyo, Bibi. Udongo usio na kitu. Na maji yasiyo na chumvi. Ya mvua."

"Mvua ya wapi, na kiangazi hiki?"

Maji ya bomba pale mnayajua. Angalieni ndani ya birika lenu, ule ukoko mweupe. Chungu kile kilikuwa na ukoko huohuo ukingoni. Tusekile akashika kichwa. Mimi nikawa natazama dirishani, uani, ambako fundi wa malori alikuwa amefungua betri anaiongezea maji kwa chupa.

"Yale maji ya betri," nikauliza, "yana chumvi?"

Tusekile alishatoka mbio. Nikasikia fundi akimcheka huko nje: "Unataka ua liwake taa?" Lakini akatoka naye mpaka mlangoni, na nampa heshima yake, kwa sababu alikuwa makini. Alishika chupa mbili zinazofanana. "Bibi, hii ni maji, imefungwa, haijaguswa. Hii ni asidi. Mkizibadilisha, ua lenu litatoa moshi." Tukachukua iliyofungwa. Ile nyingine nilimwambia aende nayo mbali kabisa.

Nikamtuma Tusekile arudi Ruanda, ateremke bondeni, akachukue zile nyuzi laini za kijani zinazoota juu ya mawe yanayovuja maji, zile mnazoweza kukamua kama sponji. Mimi nikalala gesti. Mama Shufaa akanipa chumba chenye televisheni ambayo sikuiomba.

Kesho yake tukafanya kazi. Nilikitoa kwenye ule udongo wangu mzuri, nikakiosha kwa maji ya betri, taratibu, kama unavyomwosha mtoto sikio. Mizizi ilikuwa michache, myeusi. Lakini katikati kulikuwa na kitu kama kitunguu kidogo cheupe. Nikakibonyeza. Kigumu. Shikeni hili: mche wowote, hata uwe mbaya wa sura namna gani, bonyeza shingoni. Shingo ikiwa ngumu, mwenyewe yumo ndani, ila amekasirika.

Tukakata majani yote meusi. Tukaosha mchanga wa mtoni mara nyingi, mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia, tukauchanganya na zile nyuzi za bondeni. Tukakipanda, tukaweka chungu ndani ya kisahani chenye maji ya betri, kinywe chenyewe kutoka chini, tukakipeleka dirishani pa jua la asubuhi, juu kwenye chumba cha kufulia, ambako madereva hawafiki.

Mama Shufaa akakiangalia. Upara mtupu, na vikonyo vitatu vya kusikitisha.

"Hata inzi mmoja asipewe?"

"Akimtaka atamkamata mwenyewe. Ndiyo kazi yake."

Pale pale simu ikalia. Mume. Mama Shufaa akaweka sauti ya asali. "Eeh, sisi wazima. Mke mdogo? Hajambo." Akanitazama. "Kanyoa."

Nikarudi nyumbani kwenye kahawa yangu.

Mniruhusu nitoke kidogo kwenye hadithi. Mnaniuliza kama vitalu vya sasa ni vibaya. Si vibaya. Zile trei zenu za plastiki zenye matundu ni bora kuliko viriba vyetu, mzizi haujikunji chini kama kiko. Sisi tulitupa miche mingi yenye mzizi wa kiko, na aliyeificha akaipanda kwa huruma alikuja kuuona mkahawa wake ukidondoka siku ya upepo, umebeba matunda yote. Vya sasa ni vizuri. Tatizo ni kwamba kila chupa dukani imeandikwa kitu cha kuongeza. Sijaona inayouzwa ya kuacha.

Tusekile alikuwa akinipigia. Lori la Baba Shufaa lilikuwa limefika Nakonde, limekwama kwenye foleni, na foleni ile mnaifahamu, mtu anaweza kuota ndevu humo. Chungu nacho kilikuwa kimya. Vile vikonyo vitatu navyo vikakauka.

"Bibi, kimebaki kitunguu tu. Watu wananiangalia. Nikiweke mbolea ya maji, tone moja?"

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Endelea kukaa."

Siku nyingine: "Bibi, Mama Shufaa anasema tununue ua lingine la plastiki tuliweke, mzee macho yake si mazuri."

"Mwambie la plastiki halipigiwi simu."

Kisha akapiga, hakuomba kitu. Alisema tu, "Bibi, kuna kitu kama punje." Halafu, kabla hajakata, "Na lori limevuka."

Nikapanda Kosta.

Tuliposikia honi uani, Tusekile alikishusha chungu, akakiweka juu ya meza ya mapokezi. Mimi nilikuwa kwenye kiti kilekile. Madereva walikuwa wamejaa mlangoni, na wale wa bodaboda nyuma yao, maana habari ilishatembea. Baba Shufaa akaingia, mtu mrefu, vumbi mpaka kwenye kope, kandambili miguuni. Akaniamkia vizuri. Akamjulia hali mkewe. Kisha akageukia meza.

Kulikuwa na mchanga, na kitunguu kilichochomoza kidogo, na jani moja. Jani lenyewe dogo kama punje ya mtama, meno yake membamba kuliko kope za mtoto, liko wazi, na ndani limeanza kuwa jekundu.

"Kapungua," akasema.

Mama Shufaa alikuwa anaangalia kalenda ukutani.

"Pole, mama," akakiambia chungu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha nyama kavu, ile wanayoikausha wao huko Kusini. Akamega kwa kucha. "Nimekuletea." Akaupeleka ule mkono mkubwa kwenye lile jani moja.

Paa!

Tusekile alikuwa amempiga kiganjani. Mtu mwenye malori, mbele ya madereva wake, ndani ya gesti yake. Mlangoni mtu akasema "Yesu" na mwingine "Astaghfirullah," kila mtu na kwao. Mama Shufaa akafumba macho. Na mkono wake hakuuondoa. Aliuacha pale, kati ya nyama na jani.

"Bado, Baba," akasema. "Anataka pumzi."

Baba Shufaa akautazama mkono wake, akamtazama binti, akalitazama lile jani tena, karibu zaidi, bila kupumua. Kisha akaitia ile nyama mdomoni mwake akaanza kutafuna.

"Chungu hiki," akawaambia walioko mlangoni, "asikiguse mtu ila huyu." Akatafuna. "Na vile vya maua uani. Vyote avitunze yeye." Akamgeukia mkewe. "Binti wa nani huyu?"

Mama Shufaa akaelekeza kidevu kwenye kiti changu. Nilikuwa namalizia chai.

"Wangu," nikasema.